Muwasho wa uke wa nje unaogoma dawa za fangasi: mwongozo kamili, kuanzia kioo mpaka tube ya mwisho

Kama umeshatumia dawa za fangasi mara mbili au tatu na muwasho uko palepale, simama hapo hapo, usinunue ya nne. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya ngozi muda sasa, na kila wiki anakuja mama au dada na mfuko wa rambo umejaa maboksi matupu ya klotrimazoli, flukonazo, vidonge vya kusukuma ukeni, halafu juu yake sindano za "PID" (maambukizi ya mfuko wa uzazi) na antibayotiki za "UTI sugu" (ya njia ya mkojo). Ukimfungua kuangalia unakuta hamna uchafu wowote, ngozi ndio inaumwa.

Yapo magonjwa ya ngozi yanayokaa hapo chini, sio ya zinaa, hayaambukizi, hayaletwi na uchafu. Ninaloliongelea zaidi leo linaitwa laikeni sklerosasi, kwenye cheti utaona wameandika LS. Lina ndugu zake nao nitawagusa. Watu wanafeli sehemu mbili: kwanza kuligundua, na pili, hata wakishaandikiwa dawa sahihi, kuipaka. Hii ya pili ndio inaniumiza zaidi kwa sababu dawa ipo na inafanya kazi.

## Andaa hivi kwanza

- Kioo cha mkono na tochi ya simu
- Daftari au noti kwenye simu
- Maboksi au picha za kila dawa uliyotumia, pamoja na ile uliyopewa na jirani
- Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi
- Chupi za kotoni zisizobana
- Ukishaandikiwa na daktari: dawa ya kupaka ya LS, klobetasoli ya 0.05%, iwe ya marhamu, ile ya mafutamafuta, sio krimu nyeupe. Nitaeleza kwa nini.

Usinunue hiyo ya mwisho kabla ya hatua ya 4. Narudia, kabla ya hatua ya 4 usinunue.

## Hatua ya 1: Acha kila kitu kwa wiki mbili

Sabuni ya manukato, Dettol kwenye beseni, waipsi, maji ya chumvi ya moto, shabu, ugoro, kitunguu saumu, maji ya limao, na kwa wale wa pwani hata kujifukiza udi huko chini, vyote weka pembeni. Pantilaina za kila siku pia, na kunyoa kwa wembe.

Kwa nini? Kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba na ikichokozwa inawasha yenyewe hata bila ugonjwa, na hapo dokta atashindwa kujua ni ipi alama ya ugonjwa na ipi ni ya Dettol. Kuna wanawake ambao hatua hii peke yake inawamaliza shida, ilikuwa ni aleji tu ya pedi au sabuni.

Osha kwa maji ya kawaida mara moja kwa siku, ikizidi sana mara mbili, kausha kwa kugusagusa na taulo laini sio kusugua, halafu paka mafuta ya mgando kidogo. Kama mkojo unachoma, paka mafuta ya mgando kabla ya kwenda haja ndogo, yanakuwa kama mwavuli.

Angalizo: mafuta ya mgando yanaharibu kondomu za mpira. Kama mnatumia kondomu, yafute kwanza na usiyatumie kama kilainishi.

Imefanikiwa kama: muwasho umepungua nusu au zaidi ndani ya siku 14. Ukiona bado unaamka usiku kujikuna, endelea chini.

## Hatua ya 2: Jiangalie

Najua wengi hatujawahi. Tumelelewa huko ni "kule", hakutazamwi. Lakini hutajua kama kitu kimebadilika kama hujawahi kukiona, kwahiyo funga mlango, kaa chini uegemee ukuta, panua magoti, kioo katikati, tochi mkononi.

Angalia kwa mpangilio: mashavu ya nje, mashavu ya ndani, kinembe na ngozi inayokifunika, mlango wa uke, msamba, halafu njia ya haja kubwa.

Laikeni sklerosasi inaonekana hivi:

Weupe. Ngozi imepauka, mara nyingi imezunguka kama namba 8, duara la juu kwenye uke, la chini kwenye njia ya haja kubwa. Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe huu unaonekana vizuri sana, ndio maana wengi wanadhani ni mbalanga. Tofauti ni kwamba mbalanga ngozi inabaki laini na ya kawaida, rangi tu ndio imeondoka, na kwa kawaida haiwashi.

Ngozi nyembamba yenye mikunjo midogo, kama lile ganda la ndani la kitunguu. Wakati mwingine kinyume chake, imekuwa nene kwa kukunwa miaka.

Damu iliyovilia. Vidoa vyekundu au vya zambarau bila kupigwa na kitu.

Mipasuko, hasa kwenye msamba, inayouma wakati wa tendo la ndoa au wakati wa choo kikubwa. Wengi wameshatibiwa bawasiri kwa sababu hiyo.

Umbo kupotea. Mashavu ya ndani yamesinyaa mpaka yamelala na kugandana na ya nje, kinembe kimefunikwa hukioni, mlango wa uke umekuwa mdogo. Hii ni kovu, na ndio sababu hatutaki uchelewe.

Usisubiri uzione zote. Mbili pamoja na muwasho wa usiku zinatosha kukupeleka hospitali. Wapo pia wasiowashwa kabisa.

Ugonjwa huu unapenda zaidi wanawake walioshakoma hedhi na wasichana wadogo kabla ya kuvunja ungo, ingawa katikati hapo pia upo. Na hapa nisimame kidogo kwa wenye watoto: binti mdogo anayejikuna, analia akienda haja kubwa na kuizuia, ukimwangalia ana weupe na damu imevilia, watu wanaruka moja kwa moja kwamba mtoto ameingiliwa. Inaweza kuwa ni hivyo na lazima iangaliwe kwa uzito wote, lakini inaweza pia kuwa ni ugonjwa huu tu. Mpeleke hospitali kwanza aonwe na anayejua ngozi au watoto, usianze kupiga watu mtaani.

## Hatua ya 3: Tofautisha na ndugu zake

Sio lazima uwe daktari, unakusanya ushahidi tu.

Angalia mdomoni. Serious, fungua mdomo kwenye kioo. Kama ndani ya mashavu kuna mistari meupe kama lesi, au fizi ni nyekundu zinabanduka na kutoa damu, na huku chini kuna sehemu nyekundu mbichi inayochoma zaidi ya kuwasha, hiyo inaelekea laikeni planasi. Hii inaingia mpaka ndani ya uke, na inaweza kuufanya ugandane, wakati sklerosasi kwa kawaida inaishia nje. Matibabu yake ni magumu zaidi, dawa inabidi iwekwe na ndani, na wengine wanahitaji vidonge vya kushusha kinga chini ya bingwa. Kwahiyo usipoangalia mdomo au usipomtajia dokta vidonda vya mdomoni umemficha nusu ya ugonjwa.

Angalia viwiko, magoti, kichwani, na mfereji wa makalio. Magamba huko na wekundu wenye mpaka kamili huku ni soriasisi. Huku chini haina magamba kwa sababu ya unyevu, inadanganya watu sana.

Ngozi nene, nyeusi, ngumu kama kisigino, upande mmoja zaidi (mara nyingi upande wa mkono unaojikunia), ni pumu ya ngozi iliyokomaa kwa kukuna.

Majipu yanayorudi rudi kinenani na kwapani, yanaacha makovu na vijishimo vinavyounganishwa chini kwa chini, ni kitu kingine kabisa kinaitwa hidradenaitisi, usikubali kupasuliwa jipu moja moja kila mwezi bila mtu wa ngozi kukuona. Na mipasuko mirefu kama ya wembe kwenye mikunjo, uke umevimba, na tumbo lako lina historia ya kuharisha muda mrefu, mtajie dokta ugonjwa wa Crohn, ambao ni ugonjwa wa utumbo. Ni nadra lakini upo.

Fangasi je? Fangasi inapenda homoni ya estrojeni, na hedhi ikikoma homoni hiyo inashuka. Mama wa miaka 62 asiye na kisukari na asiyetumia homoni kupata fangasi ukeni kila mwezi ni kitu cha kutilia shaka sana. Shangazi yangu mwenyewe alitibiwa fangasi zaidi ya mwaka kwenye zahanati moja, hakuna aliyewahi kumwambia avue nguo wamwangalie. Wanasikiliza, wanaandika.

## Hatua ya 4: Hospitali, na cha kusema

Nenda kliniki ya ngozi au ya magonjwa ya wanawake. Kaskazini mwa Tanzania kuna kituo cha mafunzo ya ngozi pale KCMC Moshi, Dar kuna Muhimbili, Nairobi kuna Kenyatta, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina siku ya kliniki ya ngozi, uliza mapokezi.

Ukikaa tu sema hivi, bila aibu: "Nina muwasho wa miezi kadhaa, nimetumia dawa hizi, hazijasaidia, naomba uniangalie." Halafu onesha maboksi. Ukisema "ninawashwa ukeni" peke yake utatoka na fangasi ya tano.

Mwambie na haya: umri wa hedhi kukoma, kama una kisukari, shida ya tezi ya shingo (magonjwa ya kinga kujishambulia yanatembea pamoja na LS), unaishi na VVU au hujui hali yako, una mimba, mkojo unavuja, na kama ulikeketwa. Hili la mwisho msilifiche. Mashavu ya ndani yakikosekana dokta anaweza kudhani ni ukeketaji kumbe ni ugonjwa umeyala, au kinyume chake.

Vipimo vya kawaida: sukari, mkojo, kaswende na VVU, na kuchukua ute kuangalia fangasi kwa hadubini. Vyote vina sababu, sio kukulia hela.

Kukata kinyama. Alama zikiwa wazi kabisa dokta anaweza kuanza dawa bila kukata. Lakini kama hana uhakika, au kuna kidonda kisichopona, uvimbe, sehemu nene ngumu, au dawa imeshindwa, kinyama ni lazima. Wanapiga ganzi, wanachukua kipande cha milimita 3 au 4, pengine nyuzi moja. Kinachouma ni sindano ya ganzi, sekunde chache. Ni vizuri uwe hujapaka steroidi (dawa za kundi la klobetasoli) wiki 2 au 3 kabla, maana inafuta alama maabara isione kitu. Kwa watoto mara nyingi hawakati.

Imefanikiwa kama: umetoka na jina la ugonjwa limeandikwa. "Aleji" sio jina, "infection" sio jina. Uliza kwa upole, "dokta, niandikie ugonjwa wenyewe unaitwaje."

## Hatua ya 5: Kupaka dawa (hapa ndio watu wanafeli)

Klobetasoli ni steroidi kali sana. Ndiyo, ni ile ile wanayochanganya kwenye mkorogo wa kujichubua uso. Kwahiyo unafika famasi muuzaji anakukazia macho, "mama, hii unaenda kupaka wapi?", unafungua karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa usipake sehemu za siri, unaogopa, unapaka siku 4, muwasho unapungua, unaacha. Wiki ya tatu umerudi pale pale na unasema dawa haifanyi kazi.

Sikiliza. Karatasi ile imeandikiwa mtu anayejipakia bila kuonwa. Kwa LS iliyothibitishwa, hiyo ndio dawa namba moja duniani kote. Anayejichubua anapaka uso mzima kila siku miaka, wewe unapaka kiasi cha kidole sehemu ndogo kwa ratiba inayoshuka. Huko Australia waliwafuatilia wanawake 507 wenye ugonjwa huu, matokeo yakatoka 2015: waliopaka kama walivyoelekezwa hakuna hata mmoja aliyepata saratani ya hapo wala dalili zake za awali, waliokuwa wanaruka ruka ilikuwa karibu asilimia 5. Kati ya kuogopa tube na kuogopa hilo, chagua mwenyewe.

Kwa nini marhamu na sio krimu: krimu ina maji na vihifadhi vinavyochoma kwenye mipasuko, marhamu inakaa na kulinda. Na usikubali kubadilishiwa ile ya tatu-kwa-moja yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tube moja. Mara nyingi ni nyepesi kwa ugonjwa huu na hiyo antibayotiki inaweza kuleta aleji.

Kiasi: kamua uzi wa dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka mstari wa kiungo cha kwanza. Hiyo ni nusu gramu. Huhitaji zaidi ya hapo, wengi nusu ya hiyo inawatosha.

Ratiba ya kawaida ya mtu mzima (yako fuata alivyoandika daktari wako):

- Wiki ya 1 mpaka 4: kila usiku mara moja
- Wiki ya 5 mpaka 8: usiku mmoja unapaka, mmoja unaruka
- Wiki ya 9 mpaka 12: mara mbili kwa wiki, mfano Jumatatu na Alhamisi

Piga hesabu: usiku 28, jumlisha 14, jumlisha 8, ni mara 50. Kwa nusu gramu ni gramu 25. Maana yake gramu 30 zinatakiwa zikutoshe miezi mitatu. Ikiisha mwezi wa kwanza unapaka nyingi mno, ikifika mwezi wa sita bado karibu imejaa basi unajidanganya.

Jinsi ya kupaka: osha, kausha, subiri kidogo. Kioo mkononi. Paka kwenye sehemu zote nyeupe na zinazowasha, anzia kuzunguka kinembe, shuka mashavu ya ndani kila upande, msamba, mpaka kuzunguka njia ya haja kubwa kama na huko kuna weupe. Sugua taratibu mpaka iingie. Usipake mapajani na usiingize ndani ya uke (isipokuwa wa laikeni planasi aliyeelekezwa). Nawa mikono, usije ukagusa jicho. Mafuta ya mgando yasubiri nusu saa ndio uyapake juu.

Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kupaka kwa kupapasa gizani, dawa yote inaishia kwenye mashavu ya nje yenye nywele na ugonjwa uko ndani ya mkunjo. Tumia kioo angalau wiki mbili za kwanza mpaka mkono uzoee.

Angalizo: siku 2 au 3 za mwanzo kuchoma kidogo ni kawaida kama kuna mipasuko. Ikichoma kama pilipili, au yakitokea malengelenge, acha urudi, inaweza kuwa malengelenge ya hepesi au aleji. Ukiona uteute mweupe mzito umeanza katikati ya matibabu, hapo sasa inaweza kuwa fangasi ya kweli, tibu hiyo halafu endelea. Ukiwa na mimba usiache wala usianze bila kuongea na daktari.

Imefanikiwa kama: muwasho wa usiku umekata ndani ya wiki chache za mwanzo, mipasuko imefunga, na kufika mwezi wa tatu ngozi ukiigusa imerudi kuwa laini na inavutika. Weupe unaweza kubaki, usiupigie vita kwa kuongeza dawa. Mashavu yaliyosinyaa hayarudi. Hilo niseme mapema kwa sababu kuna watu wanaendelea kupaka kila siku mwaka mzima wakisubiri yaote.

## Hatua ya 6: Baada ya miezi mitatu

Ugonjwa huu unatulia, hauondoki. Walio wengi wanaendelea mara moja au mbili kwa wiki kwa muda mrefu, na muwasho ukiamka tena, unarudi kupaka kila usiku kwa wiki chache halafu unashuka.

Tendo la ndoa linauma? Subiri mipasuko ipone, tumia kilainishi, na mwambie mumeo ni ngozi, haambukizwi na wewe hukutoka nje. Kama anabisha nenda naye kliniki, mimi nimeshawaelezea wanaume wengi na wengi wanaelewa wakiambiwa na mtu wa koti jeupe. Mlango wa uke ukiwa umeziba kwa kovu kuna upasuaji mdogo wa kufungua, ila ufanyike ugonjwa ukiwa umetulia, na dawa iendelee baada yake, vinginevyo unagandana tena. Kwa aliyekoma hedhi, ukavu wa ndani ni shida ya pili tofauti yenye dawa yake ya estrojeni, usitegemee klobetasoli iutibu.

Kama miezi mitatu imepita umepaka vizuri na hamna nafuu, usiongeze tube. Rudi, waulize mambo haya: dawa ilikuwa inafika mahali penyewe? Kuna fangasi juu yake? Mkojo unavuja na kuchoma ngozi? Ulirudia sabuni? Na kama hakikukatwa kinyama mwanzo, sasa kikatwe.

## Hatua ya 7: Mara moja kwa mwezi, kioo tena

Chagua siku unayoikumbuka, mfano tarehe ya mshahara. Unatafuta kidonda kisichopona wiki mbili, kiuvimbe, sehemu iliyokuwa laini imekuwa ngumu au kama sugu, au damu isiyo na maelezo. Ukiona kimoja nenda wiki hiyo hiyo, usisubiri miadi. Unayeishi na VVU harakisha zaidi, kwa sababu virusi vya HPV vinaleta mabadiliko ya saratani hapo hata kwa wanawake wadogo.

Kliniki urudi mwezi wa 3, tena miezi 6 baada ya hapo, kisha kila mwaka hata kama huwashwi. Tube ikibaki robo nenda kachukue cheti kipya mapema, maana famasi za mtaani marhamu inakosekana mara kwa mara na watakushawishi uchukue krimu.

Mwenye binti: ratiba yake apange daktari, dawa ni ile ile ila unapaka wewe mama mpaka aweze mwenyewe, na akivunja ungo aendelee kuonwa hata kama dalili zimekata.